Fangasi wa udongoni na ukweli uliosubiri miaka 33

Kwenye miteremko ya Mbinga, kusini mwa Tanzania, Wamatengo hulima ngoro: wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, wanawake huzifukia kwa udongo. Ni kilimo cha kuzama mikono na miguu ardhini. Popote ardhi inapoangukiwa na nywele, manyoya au kwato, kuna fangasi wa kuvila, na wengine humpanda binadamu wakamwachia choa.

Mmoja wao ni Microsporum gypseum. Mwaka 1927, huko Siena, Mtaliano Arturo Nannizzi alitangaza kwamba amemwona akifanya vifuko vya mbegu vinavyotokana na kujamiiana. Wataalamu wakamkatalia: wengi waliamini fangasi wa ngozi hujigawa tu, wakasema vielelezo vyake vimechanganyika na fangasi wengine.

Mwaka 1952, Mbelgiji Raymond Vanbreuseghem akaeleza mtego mwepesi: lowesha udongo, utandazie nywele zilizotakaswa, ngoja wiki kadhaa. Fangasi huzifuata. Mwaka 1960, D. M. Griffin akakiona tena kile alichokiona Nannizzi.

Mwaka uliofuata, Phyllis Stockdale wa Uingereza akafumbua fumbo. Uzao wa mbegu moja, ukikuzwa peke yake, haukufanya vifuko. Ukikutanishwa na uzao wa upande wa pili, vilitokea. Pande hizo si dume na jike, maana kwa macho zinafanana. Ziliitwa chanya na hasi. Jenasi ya fangasi huyo akaiita Nannizzia. Jina lilifutwa baadaye, likarejeshwa mwaka 2017, na leo fangasi yule ni Nannizzia gypsea. Mwaka 2010 watafiti walikuwa wameshaonyesha jeni zinazotenganisha pande hizo mbili.

Ugunduzi wa pande hizo mbili unatuhusu nyumbani. Mapunye mengi ya watoto wetu hayaletwi na fangasi wa shambani, bali na jamaa zao waliouhama udongo wakahamia vichwani. Kwa wengi wa hao umeonekana upande mmoja tu: hawahitaji mwenzi, wanahitaji kitana, kofia au wembe wa kuchangia. Choa cha shambani, kwa kawaida, huishia kwa aliyekipata.

Kwa hiyo tusiuogope udongo wa ngoro. Mtoto mwenye mapunye apelekwe zahanati akapewe dawa ya kumeza, kwa kuwa ya kupaka haifiki kwenye shina la unywele, na kila kichwa nyumbani kiwe na kitana chake.