Pepo Katika Nyumba Iliyopasuka

Tarehe 26 Desemba 1973, filamu ya The Exorcist ya William Friedkin ilianza kuonyeshwa Marekani. Watu walipanga foleni ndefu katika baridi. Ndani ya kumbi baadhi walizimia, wengine walitapika. Habari hizo husimuliwa leo kama kichekesho cha watu waliotishwa na rangi za usoni na sauti za studio. Mimi siafiki.

Kabla ya pepo kujidhihirisha, tunaonyeshwa nyumba iliyokwisha kupasuka. Wazazi wa Regan, binti wa miaka 12, wameachana; siku ya kuzaliwa kwake baba hapigi hata simu. Mama anampeleka kwa madaktari, wanampima kwa mashine za kutisha, nao wanashindwa. Mwishowe anamwendea padri ambaye imani yake mwenyewe inayumba.

Hadithi hiyo inatokea Washington, na ilitazamwa wakati wa kashfa ya Watergate. Rais Nixon alijiuzulu Agosti 1974. Naamini watazamaji walitetemeshwa na swali zaidi ya pepo: mwanangu akiharibikiwa, nimwamini nani, ikiwa baba, daktari, padri na hata rais wote wametikisika?

Uingereza, filamu hiyo haikupata cheti cha kuuzwa kwa video hadi 1999. Kuzuia kanda ni kazi nyepesi. Kazi nzito ya mamlaka ni kusikiliza hofu ya wananchi na kujiuliza imetoka wapi.