Mipira ya Upepo na Kebo kwenye Modeli za Vichwa vya Treni vya Dizeli

Katika uundaji wa modeli za reli, mipira ya upepo na kebo ni vipande vidogo vinavyofungwa kwenye ncha mbili za kichwa cha treni na chini ya fremu yake, kuonyesha mabomba ya breki na nyaya za umeme zilizopo kwenye kichwa halisi. Hutengenezwa kwa waya wa shaba, kwa plastiki ya kumimina au kwa mpira laini, na hutumika zaidi katika skeli ya HO, ambayo ni 1:87. Makala hii inaangalia hasa vichwa vya Marekani, kwa kuwa huko mipangilio ya mipira hiyo ilisanifiwa mapema na picha zake zimehifadhiwa kwa wingi. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba mpira mmoja uliowekwa kwa kujua kazi yake una thamani zaidi kuliko kumi iliyowekwa kujaza nafasi. Anayepamba modeli bila kujua kila bomba linabeba nini atakosea hata kama mkono wake ni mwepesi kama wa sonara.

Ushahidi unaanzia kwenye breki. George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo mwaka 1869, na mwaka 1872 akaiboresha kuwa ile inayojikamata yenyewe: upepo uliojaa kwenye bomba ndio unaozuia breki zisikamate, na bomba likikatika, upepo ukatoka, treni nzima inasimama. Sheria ya usalama ya mwaka 1893 ikazilazimisha reli za Marekani kufunga breki za aina hiyo pamoja na viungio vinavyojifunga vyenyewe. Leo kila ncha ya kila behewa na kila kichwa ina mpira wa breki kuu, wenye tundu la ndani la inchi 1⅜ na urefu wa karibu inchi 22, ambao kwenye treni za mizigo hubeba upepo wa takriban pauni 90 kwa kila inchi ya mraba. Dereva wa lori anayefunga mipira ya trela anaujua mfumo wa jamaa hii. Mpira wa breki kuu haukai katikati. Uko upande mmoja wa kiungio, na kwa kuwa uko upande uleule kwenye kila gari, magari mawili yakitazamana mipira yao inatoka pande mbili tofauti na kukutana chini ya viungio. Wakati wa kuachanisha, mfanyakazi hufunga koki, magari yanasogea, na vichwa vya mipira vinachomoana vyenyewe kwa kuvutwa. Ndiyo maana mpira wa ncha isiyounganishwa unaning'inia ukielekea chini, umepinda kidogo kwa uzito wa kichwa chake cha chuma. Modeli yenye mpira uliochomoza mbele kama pembe ya ng'ombe imekosea jambo la msingi kabisa, hata kama mpira wenyewe umechongwa vizuri.

Mipira mingine ni ya kuendesha vichwa kadhaa pamoja chini ya dereva mmoja. Wazo hilo lilitoka kwenye treni za umeme: Frank Sprague alilitekeleza Chicago kuanzia 1897. Dizeli ililirithi, na kwa kuwa kuunganisha vichwa viwili, vitatu au zaidi likawa jambo la kila siku, sura ya mbele ya dizeli ya Marekani ikajaa vifaa vyake. Mfano mzuri ni SD40-2 ya General Motors, iliyotengenezwa kati ya 1972 na 1989 kwa idadi inayokaribia 4,000. Kila upande wa kiungio chake kuna fungu la mipira mifupi: mmoja unasawazisha upepo wa matangi makuu kati ya vichwa, mwingine unapeleka amri ya kuachia breki za vichwa pekee, na mwingine unasawazisha upepo wa silinda za breki. Vichwa vya zamani zaidi, vilivyomwaga mchanga kwa amri ya upepo, vilikuwa na mpira wa ziada kwa kazi hiyo. Mafungu yako pande zote mbili ili kichwa kikigeuzwa nyuma mbele bado kiunganike. Juu ya mafungu hayo kuna soketi ya kebo ya umeme yenye pini 27, inayopeleka amri za dereva kwa volti 74.

Hapa ndipo kosa la kawaida kuliko yote linapojitokeza. Tofauti na mpira wa breki kuu, mipira hii ya pembeni haiachwi ivutwe hadi ichomoke. Mfanyakazi huifungua kwa mkono. Kebo nayo hutolewa kabla vichwa havijatenganishwa, kisha huhifadhiwa mahali pake au ncha yake huchomekwa kwenye soketi bubu isiyo na umeme. Kichwa kinachoongoza treni, chenye njia tupu mbele yake, hakina sababu ya kuburuza kebo usoni. Hata hivyo modeli nyingi zilizopambwa kwa bidii zina kebo nene inayoning'inia mbele, kwa sababu tu ilikuwemo kwenye pakiti. Mtengenezaji wa pakiti hana lawama: kebo ni sahihi, ila mahali pake ni kati ya vichwa viwili.

Mipira pia hutaja mwaka. Kichwa cha abiria cha enzi ya mvuke wa kupasha mabehewa joto kilikuwa na bomba nene la mvuke chini ya kiungio, na mpira wa ishara uliomwezesha kondakta kuwasiliana na dereva. Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani iliyoanza kazi mwaka 1971, ilinunua SDP40F kuanzia 1973 zikiwa na mitambo ya mvuke kwa sababu mabehewa iliyorithi yalihitaji mvuke. Miaka michache tu baadaye, kuanzia 1976, zikaingia F40PH zilizopeleka umeme wa volti 480 kwenye mabehewa kupitia kebo nene. Atakayebandika bomba la mvuke kwenye F40PH, au kebo za volti 480 kwenye SDP40F yenye rangi ya 1974, amevuruga historia kwa kipande kisichozidi punje ya mchele, na hakuna ustadi wa rangi utakaorekebisha hilo. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kukutana na suala hili karibu zaidi: mwaka 2014 Rift Valley Railways, kampuni iliyoendesha reli za Kenya na Uganda, ilianza kupokea vichwa vya GE B23-7 vilivyokarabatiwa baada ya kutumika Marekani. Anayetaka kuviunda asiridhike na picha za maisha yao ya kwanza, kwani kilichofungwa usoni hufuata mabehewa ya reli inayokitumia kichwa.

Wapo wanaosema kwamba haya yote hayaonekani. Hesabu haiwaungi mkono. Mpira wa breki una unene wa nje wa karibu milimita 50. Ukigawanywa kwa 87 inabaki kama milimita 0.57. Jicho zima hutofautisha kitu chenye upana wa dakika moja ya pembe, yaani kama milimita 0.3 kwa umbali wa mita moja, kwa hiyo mpira huo unaweza kuonekana hadi karibu mita mbili mradi rangi yake itengane na kilicho nyuma yake. Kwenye skeli ya N ya 1:160, unene unashuka hadi milimita 0.3 hivi na pingamizi linapata nguvu. Huko mpira mkuu na vivuli vya mafungu ya pembeni vinatosha. Sharti la rangi nalo ni zito. Mpira uliopakwa rangi nyeusi tii mbele ya bamba jeusi hupotea kabisa, na zaidi ya hapo ni uongo, kwa maana mpira halisi hupigwa jua na vumbi ukawa wa kijivu, na kichwa chake cha chuma huwa na rangi ya kutu au hung'aa pale kinaposuguliwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wale wanaoendesha modeli zao. Kiungio cha Kadee, kampuni ya Oregon ambayo mfumo wake umeenea sana kwenye HO ya Marekani, kina pini ya chuma iliyopinda inayoshuka chini yake. Sumaku iliyofichwa kati ya reli huivuta pini hiyo pembeni, na viungio vinaachana bila kuguswa. Umbo la kupinda lilichaguliwa pini ionekane kama mpira wa breki. Ukiongeza mpira wa kweli pembeni yake, kichwa kitakuwa na mipira miwili ya breki, mmoja ukiwa katikati mahali ambapo mpira haukai. Ukiikata pini, umepoteza kuachanisha kwa sumaku. Waendeshaji wana haki ya kuibakiza, na waiite kwa jina lake, pini. Lakini kwa anayeachanisha kwa kijiti cha mkono, kama wengi wanavyofanya, hakuna sababu ya kuitetea.

Kona nazo zina neno. Kona ya HO ya nusu kipenyo cha milimita 457, ya kawaida kwenye meza za nyumbani, ingekuwa na nusu kipenyo cha mita 40 tu kwenye reli halisi, wakati kona za njia kuu huhesabiwa kwa mamia ya mita. Kiungio cha modeli kwa hiyo huyumba kuliko cha kweli na kugonga mipira ya pembeni. Chini ya fremu ni vigumu zaidi: SD40-2 ina bogi mbili za ekseli tatu, kila ekseli na mota yake, na kila mota ina kebo nne zinazoshuka kutoka kwenye fremu zikiwa zimelegea kidogo kufuata mwendo wa bogi. Kuziunganisha kweli kwenye modeli ni kuikaza bogi na kuiangusha treni kwenye kona. Njia inayofaa ni kuzifunga kwenye bogi peke yake, zipande hadi kivuli cha fremu na kuishia hapo bila kugusa. Huo ni udanganyifu, lakini unahifadhi umbo na mwelekeo wa kitu halisi. Kwenye mafungu ya usoni, mipira ya mpira laini hukubali kugongwa. Ya shaba hushika umbo vizuri zaidi ila ikigongwa hubaki imepinda, na ya plastiki huvunjika.

Mwisho, inasemwa kwamba modeli za siku hizi hutoka kiwandani na kila kitu. Nyingi hutoka hivyo kweli, na kazi ya kutoboa tundu la nusu milimita kwa keekee ya mkono imepungua. Ila kiwanda hutengeneza aina, kikatumia mpangilio mmoja kwa vichwa vya reli nyingi. Kichwa chenye namba fulani, mwaka fulani, kinaweza kuwa na fungu pungufu au soketi iliyohamishwa wakati wa ukarabati, na kuondoa kipande kisichostahili ni kazi halali sawa na kuongeza. Kwa hiyo, kabla ya kununua pakiti yoyote, mwundaji atafute picha ya ncha zote mbili za kichwa anachokitaka, yenye namba inayosomeka na tarehe inayojulikana, kisha aweke kile tu ambacho picha inamwonyesha.