Kiti cha Meneja wa Kampala

Siku hizi kibali cha kazi cha meneja anayehamishwa kutoka tawi la Nairobi au Johannesburg kwenda Kampala huzungumzwa kama jambo la ada na foleni tu. Historia ya mji huu inasema vingine. Ubishi wake mkubwa haukuwa nani aingie, bali nani atarithi kiti cha aliyeingia. Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, Allidina Visram, tajiri aliyeanzia pwani, alikwisha kufungua duka Kampala. Wafanyabiashara wa aina yake waliendesha matawi ya bara kwa kumpeleka karani waliyemwamini, mara nyingi ndugu au mtu wa jamaa yao, akiwa na daftari lake la hesabu. Hakuna aliyemdai kibali. Kwa tajiri mpango ulikuwa mzuri, kwa sababu udugu ndio uliokuwa dhamana. Lakini daftari liliandikwa kwa Kigujarati, na kijana wa Kiganda aliyebeba pembe na marobota ya nguo dukani angeweza kuzeeka hapo bila kujua kilichoandikwa ndani yake.

Kinyongo kilikua polepole. Mwaka 1949 wakulima wa Buganda walidai kuchambua pamba yao wenyewe na kuiuza bila kupitia mikono ya wengine. Mwaka 1959 Augustine Kamya na wenzake wa Uganda National Movement waliongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya Waasia. Serikali ya Rais Obote ilijibu mwaka 1969 kwa sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, zilizombana asiye raia. Kosa la sheria hizo, kwa maoni yangu, ni kwamba zilikagua karatasi za mgeni bila kumweka mwanafunzi kando yake. Mwaka 1970 waliofukuzwa walikuwa maelfu ya vibarua Wakenya, watu wasiokalia kiti cha yeyote. Kisha Agosti 1972 Rais Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Waliogawiwa maduka yao walikuta funguo na bidhaa rafuni. Hawakukuta ujuzi wa kuagiza shehena kwa dhamana ya benki, wala jina la mwenye ghala Mombasa anayekubali kukopesha. Bidhaa zilipokwisha, maduka mengi yalikwisha nazo.

Wapo watakaosema kwamba hayo ndiyo matunda ya kumbana mgeni. Sikubali. Amri ya 1972 haikuwa sheria ya vibali. Ilitazama asili ya mtu, hata waliokuwa raia wakakataliwa hati zao. Tena Sheria ya Uwekezaji ya 1991, iliyotungwa makusudi ili mitaji irudi, haikuliacha suala la kiti: ilimtaka mwekezaji aajiri na kufundisha raia kadiri iwezekanavyo, ili hatimaye wachukue nafasi za wageni. Pingamizi zito zaidi ni la makampuni yenyewe, kwamba makao makuu yanahitaji mtu yanayemjua. Ni kweli, na Visram alilijua hilo. Lakini mtu hujulikana kwa kufanya naye kazi, na Mganda asiyekaribishwa chumbani hatajulikana kamwe.

Na Mwafrika Mashariki je, naye ni mgeni? Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inasema wafanyakazi wavuke mipaka. Hata hivyo, mwaka 2018 Mkenya Sylvia Mulinge aliteuliwa kuongoza kampuni ya simu ya Vodacom Tanzania, na Tanzania haikumpa kibali. Mwaka 2022 mama huyohuyo, kwa uraia uleule, alishika uongozi wa MTN Uganda. Kampala ilifanya vema. Sasa imalize kazi. Ofisa wa Uhamiaji anapofungua faili la meneja anayehamishwa, na kukuta vyeti vya shule, barua ya ajira na hati ya polisi ya nchi atokako, aulize pia jina la Mganda atakayekaa naye; na siku meneja huyo anaporudi kuomba kibali kiongezwe, aulize huyo Mganda amefikia wapi.