Sifa kwa Mkopo

Mary Kay Ash alikopa dola 12 ili afike Dallas. Alikuwa mama wa watoto watatu na muuzaji mchanga wa Stanley Home Products, kampuni iliyouza brashi na vifaa vya usafi kwenye sebule za watu. Hela hiyo haikutosha kula hotelini, hivyo akabeba jibini na biskuti. Huko, katika mkutano wa mwaka wa kampuni, alimwona mwanamke mwenziwe akivishwa taji la malkia wa mauzo na kukabidhiwa mkoba wa ngozi ya mamba. Akamwendea mkuu wa kampuni, Frank Stanley Beveridge, akamwambia kwamba mwakani malkia atakuwa yeye. Na akawa. Kwa simulizi lake mwenyewe, mwaka huo mkoba wa mamba haukutolewa.

Stanley ilipitiwa pia na Brownie Wise wa Detroit, mtalaka mwenye mtoto mmoja wa kiume. Ash na Wise waling'amua jambo ambalo wakubwa wao wa kiume walilichukulia kama mapambo tu. Marekani ya baada ya vita ilijaa wanawake waliopika, kulea na kupiga chapa ofisini bila mtu kuwapigia makofi hata siku moja. Aliyewapa makofi hayo angefanyiwa kazi kwa moyo ambao mshahara hauununui, na kwa gharama ndogo kuliko mshahara.

Wise ndiye aliyeanza. Mwaka 1951 Earl Tupper aliyaondoa mabakuli yake ya plastiki madukani na kumkabidhi mwanamke huyo kazi yote ya mauzo, yafanyike kwenye sherehe za majumbani. Tupperware haikuwa biashara ya mtandao, ile ya muuzaji kuingiza wauzaji wengine chini yake, kwa maana kamili, lakini jukwaa ambalo kampuni za mtandao zinalitumia hadi leo lilijengwa huko. Mwaka 1954, Kissimmee, Florida, Wise alifukia zawadi ardhini, akawapa mamia ya wauzaji majembe wachimbe wenyewe. Walilia, walikumbatiana, walipiga kelele. Mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kuonekana kwenye jalada la jarida la Business Week.

Sifa hiyo ilimponza. Tupper, mtu aliyependa kujificha, hakufurahi kuona mabakuli yake yakitajwa baada ya jina la mtu mwingine. Januari 1958 alimfukuza. Hapo ndipo Wise alipogundua kwamba hana hisa hata moja, na kwamba nyumba ya kifahari aliyoishi, ile iliyopigwa picha na magazeti kama ushahidi wa mafanikio yake, ni mali ya kampuni. Baada ya kushtaki aliambulia takriban dola 30,000. Mwaka huohuo Tupper aliiuza kampuni kwa dola milioni 16.

Ash aliianzisha kampuni yake ya vipodozi Dallas mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Cadillac za kwanza za rangi ya waridi kwa wauzaji wake watano bora. Ni zawadi ya biashara iliyopata kujulikana sana. Ila wapita njia hawakujua kwamba katika mpango uliokuja kuzoeleka, gari hilo ni la kukodishwa. Kampuni hulipa kodi mradi kundi la mshindi liendelee kufikisha kiwango, na kundi likilegea, mshindi hulipa sehemu ya kodi kutoka mfukoni mwake. Isitoshe, kiwango hicho hupimwa kwa oda ambazo wauzaji wenyewe wanaagiza kutoka kampuni. Rangi ya mdomo iliyopakwa na mteja na ile iliyolala kwenye boksi gereji huhesabiwa sawa. Kwa hiyo mwisho wa mwezi, kiongozi aliyepungukiwa kidogo huchomoa kadi ya mkopo na kuagiza mwenyewe. Gari linabaki, deni linaongezeka, na majirani wanaendelea kuvutiwa.

Upande wa wanaume, na wa mume na mke pamoja, njia ilikuwa ya mawe ya thamani. Rich DeVos na Jay Van Andel waliingia katika uuzaji wa vitamini za Nutrilite mwaka 1949, na miaka kumi baadaye wakaanzisha Amway huko Michigan. Vyeo vyake vilipanda kutoka Yakuti hadi Zumaridi hadi Almasi, kila kimoja na pini yake ya kifuani. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliamua kwamba Amway si mchezo wa piramidi, na wengi wakachukua hukumu hiyo kama cheti cha ubora.

Miaka mitatu baadaye, waendesha mashtaka wa jimbo la Wisconsin walichungulia mahali ambapo tume haikuchungulia: hati za kodi ya mapato. Hawakuchukua wauzaji wa chini waliokata tamaa baada ya miezi miwili. Walichukua wasambazaji wa ngazi ya juu wa jimbo hilo, takriban asilimia moja ya wote, watu waliokwishaitwa jukwaani. Baada ya kutoa matumizi, wastani wao ulikuwa hasara ya dola 918 kwa mwaka.

Kwa nini hawakusema? Kwa sababu cheo kinafunga mdomo. Aliyesimama mbele ya ukumbi mwezi Machi akisimulia jinsi alivyokombolewa kutoka ajira hawezi mwezi Juni kumwambia shemeji yake, ambaye alimwingiza mwenyewe, kwamba hana hela ya kodi ya nyumba. Anafundishwa kuvaa na kuendesha gari la cheo anachokitafuta, na mavazi hayo anayanunua mwenyewe. Kila anayemtazama anazidi kuamini.

Pwani ya Afrika Mashariki inayajua mashindano ya sifa tangu zamani, kabla kampuni kama Forever Living ya Arizona hazijaleta pini na semina zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilishindana kwa magwaride, vyeo vya kijeshi na karamu zilizokausha mifuko ya watu. Serikali za kikoloni zilikasirishwa na ufujaji huo. Lakini aliyeitwa Kingi katika beni alijua, na mkewe alijua, kwamba cheo kinakula fedha. Hakuna aliyemdanganya kwamba anafanya biashara.

Katika Amway, aliyelipia karamu aliambiwa anawekeza. Kulikuwa na kanda za kaseti za kutia moyo, vitabu, tiketi za mikutano, hoteli, petroli ya kuendesha usiku kucha kurudi kazini Jumatatu. Hivyo vyote viliuzwa na wakubwa wa ngazi kwa watu walio chini yao, na baadhi ya wenye pini za Almasi walipata zaidi huko kuliko kwenye bidhaa za kampuni. DeVos mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1983 alirekodi onyo kwa wasambazaji wakubwa kwamba biashara hiyo ya kanda na mikutano, isiyomfikia mteja yeyote wa nje, inaelekea kwenye piramidi iliyokatazwa na sheria. Onyo lenyewe lilisambazwa kwa kaseti.

Biashara ya kanda haikufa. Mwaka 2007 kundi la wasambazaji wa zamani liliishtaki kampuni huko California, na moja ya hoja zao ilikuwa vifaa hivyohivyo vya mafunzo na motisha. Novemba 2010, bila kukiri kosa, kampuni ilikubali kumaliza kesi kwa dola milioni 56: milioni 34 kwa fedha taslimu, na milioni 22 kwa bidhaa zake yenyewe.