Karatasi za Jumapili ya Mwisho

Naulizwa sana: Mchungaji, kwa nini usitupe orodha ya MCA wa kuchagua?

Ndugu zetu Marekani walishaijaribu. Mwaka 1988 mhubiri Pat Robertson aliwania tiketi ya urais ya chama cha Republican, akashindwa. 1989 akaanzisha Christian Coalition, wakaangalia pia viti vya chini: bodi za shule, ambazo kule wengi huzichagua kwa kura, mabaraza ya miji, mabunge ya majimbo. Huko wapiga kura hujitokeza wachache, hivyo makanisa machache yaliyojipanga yanaweza kuamua mshindi.

Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi, waumini walipewa karatasi: huyu anasema nini kuhusu utoaji mimba, yule kuhusu kodi. (Hata kodi ikawa jambo la imani!) Sheria ya 1954 inakataza makanisa yasiyotozwa kodi kumpigia debe mgombea, kwa hiyo karatasi haikusema “mchague fulani.” Lakini msomaji alielewa.

Sasa soma Kutoka 18:21. Yethro alimtaka Musa atafute viongozi wanaochukia rushwa. Karatasi zile zilipanga misimamo ya wagombea. Nani anakula rushwa, muumini alibaki kujitafutia mwenyewe.