Taarab ya Nani? Mabishano Yaliyovuka Bahari

Katika nyumba za Waswahili wa Maskati, Dubai na London kuna swali moja linaloweza kuirefusha karamu hadi usiku wa manane: chama kipi cha taarab kilikuwa bora kuliko vyote? Wako wanaosema Ikhwani Safaa, wako wanaosema Culture. Wenye asili ya Mombasa huwacheka wote wawili, wakamtaja Juma Bhalo au Zein l'Abdin. Na hakosekani aliyekulia Tanga, akauliza mbona Shakila hatajwi. Vijana wetu huyasikia maneno haya, wakayaona ni porojo za wazee. Mimi nayaweka pamoja na nyaraka za ukoo.

Nasema hivyo kwa sababu familia nyingi ziliondoka Unguja na mizigo michache. Hati za nyumba zilipotea, barua zikaliwa na mchwa, na picha zilizobaki hazina majina nyuma. Mapenzi ya mtu kwa chama chake cha muziki hayakuhitaji sanduku. Ukimsikiliza vizuri mzee anapokitetea chama chake, utaujua mtaa aliokaa, watu aliochanganyika nao, lugha aliyoiona ya heshima, na hata mwaka alioondoka.

Kwanza chama, kisha wimbo

Mwanzo wa taarab ya Unguja huhusishwa na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Inasimuliwa kwamba alivutiwa na muziki wa Misri, na kwamba kijana mmoja, Mohammed Ibrahim, alipelekwa Cairo kujifunza kanuni, akarudi akawafundisha wengine. Muziki huo ulikuwa wa jumba la mfalme na wageni wake, na nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu.

Mwaka 1905 wanaume wa Mji Mkongwe waliunda Nadi Ikhwan Safaa, jina walilolitoa kwa wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10. Neno la kuangaliwa hapa ni nadi, yaani chama. Mwanachama alilipa ada, alihudhuria mazoezi, alizika na kuzikwa pamoja na wenzake. Aliposema "sisi Ikhwani" alikuwa anataja jamaa zake wa hiari. Miaka michache baadaye kikazuka chama cha pili, Nadi Shuub, na hapo ushindani ukaanza: nani ana fidla nzuri, nani amepata lahani mpya kutoka Misri, harusi ya fulani imemwita nani. Babu yangu mzaa baba, aliyekuwa karani forodhani, alikuwa mtu wa Ikhwani. Sikupata kumsikia akisema kwamba chama chake kilipata kushindwa.

Bibi yangu mzaa mama alikulia Ng'ambo, na kwake yeye historia yote hiyo ilikuwa dibaji tu. Taarab ya kweli, alisema, ilianza na Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba mnamo 1880. Asili ya wazazi wake ni bara, kwa Wanyamwezi na Wazigua, na ujanani mwake alitembeza vyungu akiviuza kwa kupaza sauti. Alipohamia mjini, mwanachama mmoja wa Ikhwani ndiye aliyemsaidia kuingia katika uimbaji. Siti akaimba kwa Kiswahili, na akaimba mambo ya watu wa kawaida: mapenzi, dhuluma, mahakama, wanawake walioonewa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wapigaji wake kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV. Sahani hizo zilisikika mwambao mzima, na watu wasiopata kualikwa katika jumba lolote wakaisikia lugha yao ikitoka ndani ya chombo. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Basi tazama: karani wa forodhani na binti wa Ng'ambo, wote wawili wakidai taarab ni yao. Katika kisa cha Siti wote wana haki. Bila chama cha wanaume wa mjini asingepata mlango wa kuingilia. Bila sauti yake, na lugha yake, chama hicho huenda kingebaki klabu ya wachache. Kila ninaposikia mtu anadai kwamba taarab ni ya Waarabu, au kwamba ni ya Waafrika na Waarabu waliiazima, nakumbuka kwamba ndani ya ukoo wangu mwenyewe hoja hiyo haikupata kusimama kwa mguu mmoja.

Kutunza, au jinsi msikilizaji alivyotoa rai yake

Wanawake walikuwa na vyama vyao pia, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, na viwili vilivyojipa majina ya vita ya wakati ule, Royal Air Force na Royal Navy. Upinzani kati yao ulikuwa mkali. Chama kimoja kikishona sare, cha pili kilishona nzuri zaidi. Kimoja kikitoa wimbo wa fumbo, cha pili kilijibu kabla ya mwezi kwisha. Bibi alizikumbuka sare kwa rangi na kwa bei ya kitambaa.

Ugenini wengi wetu tumeusahau utaratibu wa kutunza. Msikilizaji wa taarab hukaa ametulia hadi ufike mshororo unaomgusa. Hapo huinuka, akatembea taratibu hadi jukwaani, noti mkononi, akamtunza mwimbaji na kurudi zake. Hakusema neno, lakini ukumbi mzima umesoma: mshororo upi umemwinua, na alipopita alimtupia nani jicho. Aliyetungiwa naye akijua, huinuka kwa ubeti unaofuata. Kwa njia hiyo watu waligombana, wakapatana, wakaposa, na wakatangaza upande wao bila kutamka jambo ambalo kesho lingewafikisha barazani.

Desturi hii ya kusema kwa kupitia wimbo ndiyo iliyotufaa baadaye, tulipokuwa na jambo zito zaidi la kusema.

1964, na kaseti za shangazi

Culture Musical Club ilianza mwaka 1958, miaka ya siasa kali za vyama Unguja, na chimbuko lake ni katika vijana wa Afro-Shirazi. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 ikawa chini ya serikali. Ikhwani nayo haikufa, ila wanachama wake kadhaa walihama, na kwa muda ikajulikana zaidi kwa jina la mtaa wa Malindi. Vyama vyote viwili viliendelea kupiga, kila kimoja kikitafuta njia ya kuishi katika zama mpya.

Watu wetu wakatawanyika: Mombasa, Cairo, Kuwait, Dubai, Uingereza. Wengi wakaja Oman baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje. Ami yangu alikuwa mmoja wao. Shangazi yangu, dada yake wa tumbo moja, aliolewa na kubaki Unguja.

Ami hakukubali wimbo wowote uliorekodiwa Unguja baada ya 1964, wa chama chochote kile. Kwake muziki wa kisiwani ulikoma mwezi ule. Alisikiliza Umm Kulthum, sahani za zamani za kwetu, na Zein l'Abdin, kwa sababu Zein ni Mlamu mwenye udi wa Kiarabu na Mombasa haikumfanya mkimbizi. Shangazi, kila alipopata msafiri, alimletea kaseti za Culture. Alimwandikia: sikiliza fidla hizi, sikiliza sauti ya Bi huyu, kisha niambie kama Unguja imekufa. Naye humjibu kwa kurasa tatu juu ya kanuni, namna inavyostahili kupigwa, na akodioni, namna inavyoharibu.

Nilipokuwa kijana niliona ajabu watu wazima kuandikiana hivyo juu ya akodioni. Baadaye nilizisoma barua zote, na humo Januari ile haikutajwa hata mara moja. Alipotaka kusema "mlitufukuza", ami aliandika kwamba wapigaji wa siku hizi hawana adabu ya ala. Alipotaka kusema "mlituacha", shangazi aliandika kwamba mwenye kuusikiliza wimbo kwa mbali hawezi kuujua. Walibishana hivyo zaidi ya miaka 20, na undugu haukukatika. Nimewaona ndugu wengine waliojaribu kulisema jambo lenyewe wazi, na hawakusemezana tena hadi kaburini.

Tunachopoteza tukichagua upande mmoja

Hata hivyo mapenzi ya ami yalikuwa na gharama, na sisi tuliozaliwa Maskati tumeirithi. Tulikua tukidhani taarab nzuri ni ya zamani tu. Kwa hiyo tulichelewa kuijua kazi kubwa iliyofanyika nyuma yetu. Mwaka 1988 lebo ya GlobeStyle ya Uingereza ilikwenda Unguja kurekodi, na katika mfululizo ule mtu anaweza kumsikia Seif Salim Saleh akiimba pamoja na kanuni ya Abdullah Mussa Ahmed, rekodi ambayo hata ami asingepata la kuitoa kasoro. Mwaka 2005 mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique, Ufaransa, ulifunguliwa kwa albamu ya miaka 100 ya Ikhwani Safaa. Culture imezunguka Ulaya na kutoa albamu kadhaa, na humo sauti za Fatma Issa na Makame Faki zinatosha kuwa hoja ya shangazi. Na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 katika uzee mkubwa, aliziimba nyimbo za Siti mbele ya mataifa.

Wa Mombasa na Tanga wasinilaumu kwa kuwapa nafasi ndogo. Juma Bhalo aliyechukua lahani za filamu za Kihindi akazivika ushairi mzito wa Kimvita, na Black Star ya Tanga iliyoingiza magitaa ya umeme, wanastahili makala yao peke yao, na waliolelewa na nyimbo hizo wataiandika vizuri kuliko mimi.

Ukiniuliza chama changu, nitasema Ikhwani kwa ala, Culture kwa sauti za kike, na Siti juu ya wote kwa maneno. Jibu hilo lingewaudhi ami na shangazi sawasawa.

Wasomaji wengi huniandikia wakitafuta nasaba: babu wa babu alitoka kijiji gani cha Oman, alifika Unguja mwaka gani. Maswali hayo ni mema, lakini mara nyingi wazee wetu hawana majibu yake, nao huona haya wakanyamaza. Waulizeni pia walikuwa watu wa chama gani, nani aliimba katika harusi yao, waliinuka kutunza mshororo upi na nani alikuwa amekaa mbele yao. Hapo huwa hawanyamazi. Wekeni simu mezani irekodi, na wakianza kubishana wao kwa wao, msiwapatanishe upesi.