Baiskeli ya kukunja: Inamsaidiaje anayesafiri kikazi?

Anayesafiri kikazi kwa treni hukabiliwa na tatizo ambalo tiketi yake haliitatui: zile kilomita mbili au tatu kutoka stesheni hadi ofisi anakokwenda. Teksi ni ghali, basi huenda likachelewa, na kutembea na mkoba wenye kompyuta humchosha kabla kikao hakijaanza. Katika makala hii tunaeleza jinsi baiskeli ya kukunja inavyoziba pengo hilo, na pale inaposhindwa.

Ilikotoka

Wazo lenyewe si jipya. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa miavuli wa Uingereza walikuwa na baiskeli za kukunja. Ile inayoonekana zaidi leo katika treni za London, Brompton, ilianza kubuniwa na mhandisi Andrew Ritchie katikati ya miaka ya 1970. Jina alilitoa kwenye kanisa la Brompton Oratory, lililokuwa karibu na nyumbani kwake.

Baiskeli hiyo ina magurudumu ya inchi 16. Gurudumu la nyuma huingizwa chini ya fremu, la mbele hukunjwa kando yake, kisha usukani na kiti hushushwa. Mnyororo hubaki katikati ya magurudumu, hivyo grisi haigusi suruali ya mwenyewe wala ya abiria wa jirani.

Sheria za treni

Faida kubwa iko hapa. Katika treni za chini ya ardhi za London, baiskeli ya kawaida haikubaliwi saa za msongamano, yaani saa 1:30 hadi 3:30 asubuhi na saa 10 hadi saa 1 jioni, siku za kazi. Iliyokunjwa hukubaliwa wakati wote bila malipo. Nchini Ujerumani, baiskeli ya kawaida katika treni ya mwendo kasi ya ICE huhitaji tiketi yake na nafasi iliyowekwa mapema. Iliyokunjwa huhesabiwa kuwa mzigo wa mkononi.

Tahadhari ya betri

Kwa ndege, mambo hubadilika. Baiskeli isiyo na mota inaweza kupakiwa kama mzigo ikiwa uzito na vipimo vyake vinakubalika. Yenye mota ina betri ya lithiamu, ambayo inaweza kushika moto. Betri inayozidi wati-saa 100 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na inayozidi 160 hairuhusiwi kwa abiria. Betri nyingi za baiskeli huvuka kiwango hicho. Asiyejua hilo hujikuta uwanjani akichagua kati ya betri na safari.

Kabla ya kununua

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, ibebe ikiwa imekunjwa na upande nayo ngazi: nyingi zina uzito wa zaidi ya kilo 10, na si kila stesheni ina lifti. Pili, jifunze kuikunja haraka, kwani treni haisubiri. Tatu, kagua vibano vya bawaba kila unapoikunjua. Kibano kilicholegea barabarani kinaweza kukuangusha, na magurudumu madogo hayasamehe mashimo.

Ambaye ofisi yake iko hatua chache kutoka stesheni haihitaji. Kwa yule ambaye kila safari humwishia kwenye foleni ya teksi, inaweza kujilipa yenyewe.